Kengele ya Tanki la Sita

3 Machi

Shikamoo Baba,

Goti linaendeleaje, na Mama hajambo? Mimi mzima, ila usingizi mchache.

Mkuu wa zamu amenipa kazi: nihesabu kengele zote za chumba cha mitambo, nifute zisizo na faida. Jana, zamu moja tu, zimelia mara 612. Nani atazisikiliza? Tunabonyeza "nimesikia" kama watu wanaofukuza nzi.

Sasa nikuulize. Kengele ya gesi ya tanki la sita bado inalia kila siku, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Tanki lenyewe lilishang'olewa, pameota majani. Waya umekatwa, nimeushika ncha kwa mkono wangu. Tena kabla hatujagusa kitufe, inanyamaza yenyewe, na kompyuta inaandika: "Imesikiwa. Namba 07."

Baba, 07 si namba yako? Alipewa nani ulipostaafu? Nimeandika siku kumi na moja katika daftari langu, haijakosa hata moja. Orodha yangu inatakiwa tarehe 31.

Mwanao, Kifunguamimba

10 Machi

Marahaba mwanangu,

Mama yako hajambo, anasema goti langu linalia kama bawaba, tulipake grisi. Cheka tu.

Namba 07 hakupewa mtu. Haya siwezi kuyasema kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Unamkumbuka fundi tuliyemwita Mluzi, aliyekuletea baiskeli ya waya? Wiki ile kengele ya tanki la sita ilitudanganya mara arobaini. Ya arobaini na moja niliibonyeza bila kuinua macho kwenye gazeti. Mluzi alikuwa ndani ya tanki, anasafisha. Hakutoka.

Tangu hapo naisikia, saa ile ile, hata hapa nyumbani. Naweka kidole mezani, nabonyeza, inanyamaza. Mama yako anadhani naokota makombo.

Futa nyingine zote. Hiyo iache, binti yangu. Anachotaka Mluzi ni kujibiwa tu.

Baba yako

1 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini wote wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaifungia kabatini.

Nilimweleza mkuu nusu tu. Akacheka: "Mzee wako alistaafu mwili, akili ikabaki zamu." Nilikasirika, lakini nikafikiri, miaka tisa umestaafu na hujapumzika hata asubuhi moja. Na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba kengele iliyozoeleka haina tofauti na ukimya.

Jana nimeifuta. Leo saa tatu na dakika arobaini nilishika saa mkononi. Kimya. Nisamehe, nimefanya kwa kukupenda. Umepumzika?

Mwanao

5 Aprili

Mwanangu,

Sikulaumu.

Tangu tarehe moja kengele siisikii. Nasikia mluzi. Siku ya kwanza ulisikika barabarani, nikasema ni mpita njia. Siku ya pili na ya tatu getini. Jana kwenye kibaraza, wimbo ule ule aliokuwa akiupiga Mluzi kazini. Leo umefika ukumbini, ukakoma nyuma ya kiti changu. Sikugeuka. Nilibonyeza meza mpaka kucha ikavuja damu, lakini hakuna cha kunyamazisha.

Zamani aliita, nikajibu, akarudi alikotoka. Sasa umemnyang'anya pa kuitia, imebidi aje mwenyewe.

Mama yako nimempeleka kwa mdogo wako, nimemdanganya kuwa napaka rangi nyumba. Simu siigusi, kila kinachoita nakiogopa.

Irudishe, mwanangu. Upesi.

Baba

9 Aprili

Baba,

Barua yako imenifikia leo saa mbili asubuhi. Sikumwomba mkuu ruhusa. Saa tatu na robo nilikuwa nimeshairudisha.

Saa tatu na dakika arobaini ikalia. Nikangoja 07. Haikuja.

Sasa ni saa saba mchana na bado inalia. Simu yako nayo inaita tu. Mama na mdogo wangu wako njiani kuja kwako, na barua hii nampa dereva wa hapa kazini awawahi, maana siwezi kuondoka kwenye kiti hiki. Wenzangu wameziba masikio: "Bonyeza basi, dada, unatuua!" Mkuu amenyoosha mkono mara moja, nimeupiga kofi.

Nikibonyeza mimi, itaandikwa namba yangu. Mluzi atajua sasa wa kumjibu ni mimi, na wewe hatakuhitaji tena, atakumaliza. Sitaki akumalize.

Kidole changu kiko juu ya kitufe, hakijagusa. Nitakushikia nafasi yako.

Bonyeza, Baba. Hata kwa kuchelewa. Mara moja tu.

Kifunguamimba wako