Pua Niliyotengenezewa

Jumatatu, 6 Februari

Nimeamka mdomo umekauka tena. Tundu la kushoto limeziba kabisa. La kulia linapiga mluzi. Chai, kiporo cha muhogo, gari la zahanati saa moja kasoro. Njiani malori mawili ya wakimbizi wapya, watu wamesimama, maturubai yamewafunika hadi kichwani.

Foleni ya wajawazito kambini ilifika kwenye bomba la maji. Mmoja anaitwa Violeta, mimba ya kwanza, karibu kujifungua. Amekuja na mama mkwe wake. Yule mama alinitazama usoni, akakazia macho pua, akamwambia mkwewe kwa Kirundi: “Oya, si uyu.” Hapana, siyo huyu. Alidhani sisikii. Mimi Muha wa Kidahwe! Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja.

Wakakaa juani mpaka mkunga mwenzangu, Mama Hawa, alipopata nafasi. Mimi nilikuwa nimekaa bure.

Si wa kwanza kunikataa. Nimechoka.

Jumatano, 8 Februari

Niandike wazi, maana kwa mdomo sisemi. Huko walikotoka, watu wametazamwa pua kisha wakauawa. Pua ni kitambulisho. Hii yangu inawaambia kwamba mimi ni wa upande ule walioukimbia. Siwalaumu. Ila nawachukia kidogo, jioni, nikishavua gauni la kazi.

Pua niliyozaliwa nayo ilikuwa pana, ya baba. Mwaka juzi gari letu lilipinduka kwenye utelezi, uso ukagonga chuma cha kiti. Nikapelekwa mbali kupasuliwa. Walipofungua bandeji nikaona pua nyembamba, ndefu, imelalia kulia. Wauguzi wa kule wakanisifu. Eti nimependeza. Nilipofika nyumbani mama alinikaribisha kiti kama mgeni. Ilipita dakika nzima ndipo akapiga ukelele.

Sijamwambia mtu kwamba tangu siku hiyo sipendi kupiga picha.

Ijumaa, 10 Februari

Yupo daktari mgeni wa upasuaji hapa mjini, wa wiki chache tu. Nimeomba ruhusa, nimekwenda. Kanimulika tochi puani, kaingiza chuma baridi, kaguna.

Ukuta wa katikati umepinda na kovu limejaza njia. Anaweza kuunyoosha na kufungua njia. Nikamuuliza kama anaweza kuirudishia pua upana wake wa zamani. Akasema hapo ni kazi nyingine: akate gegedu, ule mfupa laini wa ubavuni, alipandikize juu ya makovu ya zamani, na njia inaweza kuziba moja kwa moja.

“Vyote viwili siwezi kukuahidi, dada. Kipi kinakusumbua zaidi?”

“Upana,” nikajibu. Hata kufikiri sikufikiri. Kanipa mpaka Alhamisi.

Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani, mtaa wa Kasingirima. Nilihema kama mbuzi.

Jumapili, 12 Februari

Baada ya ibada nilikwenda Ujiji kwa Mama Hawa. Nilitaka aniunge mkono.

“Mwanangu, hukutosheka na kisu cha kwanza?”

“Wewe una sura yako, Mama Hawa. Wanakukimbilia. Utajuaje?”

Akanimiminia kahawa nyingine. Nimekuwa mjeuri kwa mtu aliyenifundisha kushika kichwa cha mtoto. Nikaondoka bila kuomba radhi. Mchana kutwa nimeshika kioo, nimekiweka, nimekishika. Nabana pua kwa vidole viwili nione ingekaaje ikiwa pana. Mtu mzima!

Jumanne, 14 Februari

Sijavua hata gauni la kazi. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi Mama Hawa alimsindikiza mgonjwa hospitali ya mjini. Mvua ikashuka, gari likakwama huko. Saa sita mchana wakamleta Violeta kwenye machela ya turubai. Uchungu umepamba moto. Mama mkwe akaangaza macho chumba kizima akimtafuta mwingine. Hakuna mwingine. Akasimama kati yangu na kitanda.

Nikamwambia kwa Kiha, taratibu, kwamba mtoto anakuja na hatanisubiri mimi wala yeye. Alishtuka kusikia lugha. Akasogea. Hatua moja tu.

Mtoto alitoka amelegea, kamba ya kitovu imemzunguka shingo. Kimya. Nilimfuta, nikamsugua mgongo. Kimya. Mpira wa kupulizia hewa umepasuka tangu wiki iliyopita. Nikaweka mdomo wangu juu ya mdomo na pua yake, nikapuliza. Kidogo, kidogo. Sikuweza kuvuta hewa kwa pua, ikabidi kila mara niinue uso, nitwete, nirudi. Nilianza kuona giza. Nikapoteza pumzi mbili, labda tatu. Zile zilikuwa zake.

Kisha akakohoa. Akalia kwa hasira. Wa kiume.

Violeta alikuwa ananiuliza, “Yupo? Yupo?” Nikamwekea mtoto kifuani.

Jumatano, 15 Februari

Mama mkwe amekuja na maharage kwenye kitenge. Kampa Mama Hawa. Kamshukuru sana, kwa mikono miwili. Mimi kanipita.

Mama Hawa akamwambia, “Mimi jana sikuwepo, mama. Ni huyu.” Yule mama akaitikia kwa kichwa, macho chini, akatoka.

Nilidhani nitalia. Nimepanga glavu kabatini. Nimemwomba Mama Hawa radhi ya Jumapili. Kasema, “Yameisha.”

Alhamisi, 16 Februari

Nimemwambia daktari afungue njia, upana auache. Akauliza kama nina hakika. Sina. Ile pua pana naitamani, nitaitamani mpaka kufa. Lakini jana usiku nilikuwa nahesabu zile pumzi. Hata ningekuwa na pua ya baba, yule mama angepata sababu nyingine. Mtoto hana muda wa sababu.

Naogopa kisu. Nimetia sahihi.

Jumatano, 1 Machi

Pamba za puani zilitolewa juzi. Uvimbe unapungua. Sura ni ile ile, nyembamba, ila haijalala sana upande. Mama amekuja kutoka Kidahwe kunitazama, tunalala chumba kimoja.

Asubuhi nimemkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameniinamia, sikio karibu na uso wangu.

“Kuna nini, mama?”

“Hukoromi tena. Nikaogopa.”

Nikamwambia niko salama. Akaenda kuwasha moto. Nimelala tena kidogo, mdomo nimeufunga.