Mbegu Zilizooza na Jina Lako

Kaka Masanja,

Shikamoo. Naanza na salamu hii kwa sababu niliiacha ukiwa bado hai. Ulinizidi umri kwa miaka minne, na siku zote tulizofanya kazi pamoja pale kiwanda cha pamba, wewe msimamizi wa mbegu na mimi karani, nilikuamkia kila asubuhi. Nilipopewa umeneja nikaona haifai tena. Nikaanza kusema, "Habari za asubuhi, Masanja." Nawe ukajibu bila kununa, "Njema, Bwana Meneja."

Sasa niko Kiseke, kwa binti yangu Koku. Miguu imevimba hata viatu havinitoshi, na daktari haniambii tena nirudi lini. Ziwa ungelikuta limebadilika. Magugu maji yamefunika ufuko ulio nyuma ya kiwanda, na mitumbwi inasukumwa kwa miti kama inapita shambani. Kila mtu sasa ananunua pamba. Magari ya makampuni yanawafuata wakulima mpaka uani. Mbegu hakuna anayezipima.

Sasa niseme nililokuja kusema.

Unamkumbuka meneja wetu wa enzi za ushirika, yule tuliyempa jina la Nimeshasema, kwa kuwa ndivyo alivyomjibu kila aliyempinga? Aliamuru madirisha ya ghala la mbegu yazibwe kwa mbao ili ndege wasiingie, nasi tukijua mbegu bila hewa zinakufa. Mimi nilitaka kumwandikia waraka wa kurasa tatu. Ukanicheka. "Mhaya wewe, ukimwonyesha mkubwa kwamba amekosea, atakosea tena ili kukukomoa." Ukaingia ofisini kwake ukiwa umeshika kofia mkononi, ukasema, "Mzee, ile fikra yako ya kuweka nyavu madirishani badala ya mbao, tumeijaribu, imefaa sana." Hakuwahi kuwa na fikra hiyo. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Niliwaambia." Tulikaa nyuma ya ghala tunatafuna michembe ya viazi vitamu na karanga, tukacheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo ikawa kazi yetu. Yeye akikosea, sisi tunamrudishia lililo sahihi kama lake mwenyewe.

Nilijiona mwerevu sana siku zile. Niliamini upumbavu wa wakubwa ni kilema wanachozaliwa nacho, kama kengeza.

Kisha yakaja mageuzi, ushirika ukalegea, wenye mtaji wakachukua kiwanda, wakatafuta mtu wa humo kiwandani aliyesoma wa kukiendesha. Wakanichagua mimi. Msimu ule wa kwanza pamba iliingia kwa wingi kuliko tulivyozoea, nami nilitaka wenye mali waone marobota yamepangwa ndani kwa unadhifu watakapokuja kukagua. Nikaandika amri kwa mkono wangu mwenyewe: mbegu zote zitoke ghalani, zikae uani chini ya turubai. Lilikuwa turubai lenye matundu. Nilijua, maana mimi ndiye niliyekataa kununua jingine.

Mvua za vuli zikawahi. Baada ya siku chache ulizamisha mkono kwenye rundo ukautoa haraka. Mbegu zilikuwa zimepata moto, zinanuka uchachu kama pombe iliyolala. Ukaja ofisini, kofia mkononi.

"Bwana Meneja," ulisema, "ile fikra yako ya kuzirudisha mbegu ndani na kuzianika upya, vijana wameshaanza kutayarisha nafasi."

Kaka, ningeweza kusema "Niliwaambia," na mambo yangeishia hapo. Mlango uliniwekea wazi kabisa. Lakini niliitambua sauti ile. Ni sauti uliyokuwa ukiitumia kwa Nimeshasema, nami nikiwa dirishani nimeziba mdomo nisicheke. Nikaelewa kwamba sasa mpumbavu anayebembelezwa ni mimi. Sikuchukia kosa lenyewe kama nilivyochukia kule kujulikana.

"Usinifanyie mimi mchezo huo," nikakwambia mbele ya makarani. "Mbegu zitabaki nje."

Ukaacha hila. Ukaniita kama zamani. "Mdogo wangu, mbegu haijui cheo. Inaota au haioti."

Nami nikajibu, "Nimeshasema."

Nilisikia karani mmoja akivuta pumzi. Wewe hukucheka, ulitazama chini kwa ajili yangu, kama mtu anayemwona mzee mwenzake amefunguka suruali. Nilitamani hata ucheke.

Siku tano baadaye ulirudi na kipande cha gunia kilicholowa, ukakikunjua juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu. Mle ulikuwa umepanga mbegu mia moja. Nyingi zilikuwa zimelainika na kugeuka nyeusi. Chache zilikuwa na kijimzizi cheupe. "Hesabu mwenyewe," ulisema. Ukaniachia na karatasi ya matokeo uliyoiandika kwa penseli, na tarehe yake. Nilikwambia uondoe uchafu ule mezani. Karatasi niliitia mfukoni.

Mbegu zikagawiwa vijijini, na kijiji chenu upande wa Misungwi kikiwemo. Watu wa kwenu walizipokea bila wasiwasi kwa sababu walijua mtoto wao Masanja ndiye anayezipima. Wakapanda, wakangoja, na shamba likabaki udongo mwekundu vilevile. Mama mmoja alikuja mpaka getini na mbegu kwenye kanga, akazimwaga miguuni pangu. "Mzee, umetupandisha mawe!" Nilimweleza habari za udongo na mvua. Niliyaeleza vizuri, kisomi, hata mwenyewe karibu niamini.

Wenye mali walipouliza, niliandika taarifa. Niliandika kwamba msimamizi wa mbegu hakufanya vipimo wala hakumshauri meneja. Nikakuita nikusomee kabla ya kukupa barua ya kuachishwa kazi. Sijui kwa nini nilikusomea. Labda nilitaka upige meza, ili niwe na sababu. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Umeandika vizuri. Hata mimi ningekuamini." Ukavaa kofia yako, ukatoka.

Ulirudi kijijini kwa watu waliokuwa wameambiwa, kutokana na taarifa yangu, kwamba ni wewe uliyewalaza njaa. Sikuja kukuona hata mara moja. Nilikuja msibani. Niliposhuka garini nikaona vijana wageni wanachimba kaburi, nikauliza ni kina nani. Nikaambiwa ni vibarua kutoka mjini, kwa sababu majirani wamekataa kushika jembe. Kaka, mimi si Msukuma, lakini nimeishi kwenu miaka ya kutosha kujua maana ya mtu mzima kukosa wa kumchimbia. Wachache waliokuja walikaa mbali, karibu na zizi.

Wakaniomba niseme neno kwa niaba ya kiwanda. Nikasema ulikuwa mchapakazi. Nilipokaa, binti yako Kwandu akaja akapiga magoti mbele yangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba mdogo, ni kweli baba hakuzipima?"

Neno moja tu lingetosha. Wale wachache wa karibu na zizi, nao walionyima jembe, walikuwa wananitazama. Nikamwambia, "Tumwachie Mungu, mwanangu."

Ninaamka na jibu hilo. Ninalala nalo. Nimeungama kwa padre, akanipa kitubio na kusema nimesamehewa, lakini padre hakupanda zile mbegu, wala Kwandu hakuwepo pale kitubioni. Binti yako bado analima jirani na watu wasiomwalika kwenye kazi za pamoja. Nilimtuma Koku akaulizie, ndivyo alivyoniletea habari.

Karatasi yako ya penseli ninayo. Kwa nini sikuichoma sijui, nisijipe sifa. Ilikaa ndani ya kitabu cha sala miaka yote hii. Jana nilimwita Koku, nikamsomea, nikamweleza yote. Akatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka. Tangu jana ananiwekea chakula bila kukaa nami. Ni haki yake.

Lakini ametafuta gari. Jumapili, watu wa kijijini wakitoka kanisani, atanipeleka. Nimemwomba katekista awazuie kidogo wasitawanyike. Nitampa Kwandu karatasi ile mkononi, mbele yao, asome kwa sauti tarehe na mwandiko wa baba yake. Kisha nitasema. Nimekuwa nikijizoeza hapa kitandani, na mara tatu nimejikuta nikisema, "Makosa yalifanyika." Nimesoma mno, kaka, ulimi wangu una milango mingi ya kutokea. Nakuahidi nitaifunga yote. Nitasema, "Alizipima. Aliniambia. Mimi ndiye niliyekataa, na mimi ndiye niliyemsingizia."

Sikuombi unisamehe, nisije nikakutwisha tena kazi ya kunisaidia. Kwaheri, kaka yangu. Nikishindwa kusimama siku hiyo, nitasema nimekaa.

Mdogo wako,
Kamugisha