Jeshi la Watu Wangu

Jumamosi, 8 Juni 1996

Nimeenda soko la Gikomba kutafuta sketi, nimerudi na kimashine cha gemu. Yule mama wa mitumba aliniapia kuwa ni kikokotoo cha Wazungu. Nikamwacha aamini hivyo, bei isipande.

Kioo chake ni kidogo, cha kijani. Ndani yake ni vita — askari wa panga, wapiga mishale, wachawi, waganga, wapanda farasi. Unawasogeza mmoja mmoja kama vizibo vya drafti, kisha adui naye anasogeza wake. Mtu wako akifa, amekufa, harudi. Unaajiri mwingine na kumpa jina unalotaka.

Nimecheza tangu mchana hadi giza. Hakuna aliyebisha hodi. Mtaa huu wa Komarock umejaa watu, na mtu pekee niliyezungumza naye leo ni mama wa mitumba.

Ijumaa, 14 Juni 1996

Kimekufa! Kosa ni langu. Betri zilichoka nikazianika dirishani zipate jua, kama tunavyofanya siku zote, kisha nikazirudisha. Zikavuja ndani.

Nimekipeleka kwa Javan, fundi wa redio mwenye kibanda karibu na stage ya matatu. Mtu wa Bungoma, mpole, maneno yake ni ya kuhesabu. Alikwangua kutu kwa wembe, akapangusa na spiriti, kikawaka. Badala ya kunirudishia, akaanza kucheza. Wateja walisimama pale wakingoja redio zao. Sikumharakisha.

Jumatano, 26 Juni 1996

Tumepatana. Mchana kimashine kinakaa kwake, mimi nikiwa kiwandani napakia mishumaa. Jioni nakipitia. Kwa kuwa kinahifadhi mchezo mmoja tu, vita ni vyetu sote na jeshi ni moja. Kwa hiyo kila jioni lazima tusimuliane: nani yuko wapi, nani ameumia.

Hatukubaliani kwa lolote. Anasema farasi ndio gemu yenyewe, wengine wote ni mzigo. Mimi nasema bila mganga huyo farasi hafiki mbali. Uwanja anaoupenda kuliko yote ni ule wa kinamasi; mimi nauchukia, watu wangu wanakwama kwenye tope mpaka wanamalizwa. Wapiga mishale ndio hataki hata kuwasikia. "Wanakosa shabaha hata adui akiwa mlangoni." Sikujua kubishana kunaweza kuwa kutamu hivi.

Majina nawapa mimi. Mganga ni Nthoki, mama yangu. Mwenye ngao ni Mwanzia, mjomba. Juu ya farasi nimempandisha dada yangu Wavinya, ambaye huogopa hata punda. Kwetu Ukambani kumpa mtu jina la nduguyo ni heshima. Mimi mwenyewe nimeitwa Syombua kwa jina la nyanya, naye yuko Mwala hadi leo anafukuza tumbili shambani.

Jumatatu, 1 Julai 1996

Javan amemwua Mjomba Mwanzia. Darajani, mbele ya wachawi, peke yake!

Mimi nikiona mtu anaelekea kufa nazima kimashine na kuanza upya. Yeye anasema huo ni wizi, vita ni vita. Nikanuna. Akaniambia kwa upole nisihuzunike, hao watu wangu ndio wanaofaa kutangulia, wao wanatukinga. Nikadhani ni mbinu zake za vita. Akanikatia nusu ya hindi lake la kuchoma, na nimetembea mpaka nyumbani nikitabasamu kama mjinga.

Jumamosi, 6 Julai 1996

Nimeajiri mtu mahali pa Mjomba. Mpiga mishale. Nimemwita Javan.

Nimecheka peke yangu nikiwaza uso atakaoufanya. Lakini si utani tu, niseme ukweli maana hapa hakuna anayesoma: nilitaka awe mmoja wa watu wangu. Nimekiacha kimashine kibandani bila kumwambia neno.

Jumatatu, 8 Julai 1996

Nimekikuta kimefungwa kwenye gazeti. Hakuniangalia.

"Umenitia humo kwa nini?"

Nikasema ni mchezo tu. Akasema huo si mchezo, akageukia redio ya mtu.

Alhamisi, 11 Julai 1996

Nimepita kibandani. Ameinamisha kichwa. Nimepita.

Jumamosi, 13 Julai 1996

Shiru, jirani yangu wa mlango wa pili, ndiye aliyenifumbua macho. Alipopita kibandani, Javan alimwuliza amenikosea nini hata nimzike angali hai. Kumbe kwao mtoto hupewa jina la mtu aliyekwisha kufariki. Yeye mwenyewe ni Javan kwa babu aliyezikwa kabla hajazaliwa. Shiru alicheka mpaka akashika mlango.

"Huyo jamaa alidhani watu wenu wote walishaenda. Ata alikuwa anakuonea huruma, ati wewe ni yatima."

Huruma. Hindi lile. Zile jioni zote. Mimi nilidhani anapenda ubishi wangu, kumbe alikuwa ananifanyia matanga! Nimeona haya mpaka masikio yamewaka. Na bado namkosa, hilo ndilo linalouma zaidi.

Jina haliwezi kubadilishwa. Ama huyo mpiga mishale afe, ama nifute jeshi lote tuliloliunda pamoja. Nimekiweka kimashine juu ya kabati, sijagusa kitu.

Jumapili, 14 Julai 1996

Sikuenda kanisani. Nimemtuma Shiru amwite, naye amekuja. Amekaa kizingitini, ndani hataki kuingia.

Nimemweleza. Kwetu mtu hupewa jina akiwa hai, aone mwenyewe kwamba anapendwa. Mama yuko hai. Dada yuko hai. Mjomba uliyemwua darajani, nikamwambia, yuko hai na anauza mbuzi. Nilitaka acheke. Badala yake ameomba kimashine, na mimi nikadhani anataka kujiua humo mwenyewe yaishe. Hapana. Anapitia jeshi, mtu baada ya mtu.

"Huyu Nthoki yuko wapi?"

"Mwala."

"Mwala ya hapa tu? Unashika Kangundo Road na unafika?"

"Hapa tu."

"Sasa mbona unakaa kama mtu asiye na mtu? Ulienda lini?"

Nikasema ngoja niweke chai.

Naandika haya jikoni, yaani nyuma ya pazia, nikisubiri maji. Hatukugombana nyumbani. Hakuna aliyenifukuza. Kila Krismasi nilisema mwakani, basi. Mwanzoni walikuwa wakituma watu kuniulizia. Ukikaa sana, kurudi kunakuwa kugumu, unaona aibu ya kuulizwa ulikuwa wapi. Halafu nao wakaacha kuulizia. Nimewaweka kwenye kioo cha kijani, nikawa nawalinda wasife.

Maji yamechemka kitambo. Hajaondoka, nasikia vidude vikibonyezwa. Amefika kwa Wavinya. Anauliza kutoka mlangoni, polepole, bila kunisuta: huyu dada yako ana watoto wangapi sasa?

Nilimwacha na mmoja, na mwingine tumboni.

Anangoja jibu.