Mguu wa Mama Clotilde

Lubumbashi, 9 Februari 2024

Baba mpendwa,

Salamu nyingi, na zilizolimbikizana kwa siku nyingi. Mvua hizi za Likasi hazikusumbui kifua? Mimi ni mzima, nakula, nalala.

Mwaka wa tano huu tangu nitoke seminari. Siku ile uliniambia, "Ukiwa na neno, andika. Kwa simu usinipigie." Leo ninalo neno: nimemaliza masomo ya uuguzi na nimepata kazi katika hospitali moja hapa mtaa wa Kenya, upande wa wagonjwa wa upasuaji. Nilitaka ulisikie kwangu, si kwa watu.

Mwenzangu wa kazi, Deborah, amewaambia wagonjwa kwamba nilikuwa seminari. Sasa wananiita Abbé, kana kwamba mimi ni padre. Wengine wananishika mkono, "Abbé, uniombee." Nawajibu kwamba padre anakuja Jumatano, mimi niko hapa kwa sindano na chupa za serum. Si kiburi, Baba. Nikifumba macho kuomba mbele ya watu, ninauona uso wako wa siku ile.

Barua hii ataileta Kabwe, dereva wa basi dogo la Likasi.

Mwanao,
Elisée


Lubumbashi, 14 Mei 2024

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa salamu fupi. Barua ya kwanza hukujibu na sikulalamika. Ila hii naomba uijibu, hata kwa mstari mmoja. Ni maisha ya mtu.

Tuna mgonjwa, Mama Clotilde Mbuyi, muuza vitenge wa soko la Kenya, mtu wa Kasai aliyezeekea hapa. Sukari imeuozesha mguu wake wa kushoto. Daktari Mwelwa anasema ukatwe chini ya goti Ijumaa hii; zaidi ya hapo uozo utapanda na tutampoteza. Mama amekataa. Wiki nzima ameelekea ukutani. Binti yake, Syntiche, analia koridoni. Sote tulidhani anaogopa kisu, tukawa tunamweleza habari za ganzi.

Jana nilikuwa namwosha kidonda, nikachoka kueleza. Nikamuuliza, "Mama, nini kinakuzuia?"

Akageuka. "Bantu banakuya hapa kila siku kunielezea kisu. Hakuna mwenye aliniuliza muguu yangu itaenda wapi."

Mimi najua unakokwenda. Unachomwa nyuma ya jengo pamoja na pamba chafu.

"Mungu alinipa mbili," akasema. "Siku ya ufufuko, bantu bote basimame, mi nisimame nusu?" Kisha akanishika mkono wenye glavu. "Abbé, weye utaizika?"

Baba, nilisoma falsafa na mambo mengi ya Mungu. Jibu la vitabuni nilikuwa nalo. Badala ya kulisema, nilimwambia nitarudi. Sijui kama jambo hili linaruhusiwa, wala maneno yake. Wewe, katekista, umezika watu wengi kuliko padre yeyote ninayemjua. Kabwe anaondoka saa sita na kesho anarudi huku.

Mwanao,
Elisée


Likasi, 15 Mei 2024

Mwanangu Elisée,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi naendelea vizuri, kifua hakina neno. Anayeandika ni Mwalimu Mwenya, jirani yangu. Maneno ni yangu.

Kabwe alinikuta uani akasema, "Mutoto wako anasema ni maisha ya muntu." Basi nikamwita Mwalimu anisomee barua zote mbili. Ile ya Februari nilikuwa nimeiweka katika kitabu cha misa bila kuisoma. Nikueleze kweli: miaka mitatu ya kwanza ilikuwa hasira. Hiyo sikufichi. Miwili iliyofuata ilikuwa macho. Yameingia ukungu, sioni herufi, na masomo ya Jumapili nayasema kwa kichwa. Sikutaka mtu anisomee maneno ya mwanangu kwa sauti. Leo nimetaka.

Sasa sikiliza. Mwaka wa themanini na tatu, katika uwanja wa treni, mwenzangu Pierre aliunganisha mabehewa na mkono wake ukabaki katikati. Yeye alikimbizwa hospitali. Mkono ukabaki kwetu, katika gunia. Kapita, msimamizi wetu, akasema tuutupe. Hakuna aliyeinuka. Padre alikuwa safarini, na mimi wakati ule sikuwa hata katekista, nilikuwa kijana wa kupaka mafuta magurudumu. Tuliuzika nyuma ya kanisa, nikasema Baba Yetu kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu. Pierre alipoamka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Uko wapi?" Tukamwambia, umelala mahali pazuri. Akaomba chai.

Kwa hiyo usimhubirie huyo mama. Uuvike mguu wake kitambaa safi chake mwenyewe, utafute kisanduku, uchimbe shimo refu, mbwa wasifike. Sema Baba Yetu na Salamu Maria. Akiuliza habari za ufufuko, mwambie hivi: Mungu atakayewakusanya walioliwa na mamba wa mto Lualaba hatashindwa na mguu uliozikwa vizuri.

Nenda sasa. Ijumaa ni karibu.

Baba yako,
Antoine


Lubumbashi, 26 Mei 2024

Baba mpendwa,

Salamu kwako, na kwa Mwalimu Mwenya ambaye namwazia akikusomea huku miwani imeshuka puani. Mimi mzima, na nina furaha.

Alhamisi asubuhi nilikaa kitandani kwa Mama Clotilde nikamwambia yale ya mamba. Akauliza, "Nani alisema hivyo?" Nikamwambia, baba yangu. Akasema, "Baba yako anajua mambo." Kisha akaita, "Syntiche! Nenda sokoni, ulete ile kitenge ya samaki, si ile ingine." Nikajua amekubali. Daktari Mwelwa aliposikia mpango wangu wa kuzika, alikuna kichwa, akaenda mwenyewe kwa mkurugenzi. Tulipewa karatasi ya kuuchukua mguu.

Kazi ya Ijumaa ilikwenda salama. Jumamosi tulikwenda makaburini, mimi, Syntiche na Deborah. Mlinzi alifungua daftari akauliza jina la marehemu. Nikasema hajafa. Akalifuta neno marehemu. Akafikiri, kisha akaandika, "Mguu, wa kushoto." Deborah alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini shimoni hakuna aliyecheka. Niliomba kwa sauti, Baba. Sauti ilitetemeka kwenye "mapenzi yako", baadaye ikasimama imara. Syntiche ni wa kanisa la uamsho, Salamu Maria hakuisema, ila tulipomaliza aliimba wimbo wa bibi yake kwa Kiluba cha Kasai.

Mama Clotilde alitaka nimweleze yote: udongo wa rangi gani, kivuli kipo au hakipo. Alipotosheka, akalala kwa muda wa saa kumi bila dawa ya maumivu. Sasa anatembea kwa magongo na anawauzia wagonjwa wenzake vitenge.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza. Sindano kwanza, halafu swali: kuna jambo linalokusumbua ambalo hatujakuuliza? Mzee mmoja Mwislamu alitaka tu kitanda kigeuzwe aelekee kibla. Mwanamke mmoja alitaka nimtafute dada yake waliyegombana naye. Wengi wanataka nikae tu dakika mbili. Bado wananiita Abbé. Nimeacha kuwakataza.

Sasa zamu yako. Huo ukungu wa macho, nadhani ni mtoto wa jicho. Nimesema na daktari wa macho. Akikupima akaona ndiyo, ni kazi ya nusu saa, na jioni unalala kwangu. Tafadhali, Baba.

Mwanao,
Elisée


Likasi, 3 Juni 2024

Mwanangu Elisée,

Nakusalimu, wewe na huyo Deborah anayecheka makaburini. Hali ni nzuri. Mwalimu Mwenya anasema yeye havai miwani, nikuandikie hivyo.

Nitakuja. Kabwe ameniwekea kiti cha mbele Alhamisi. Naogopa kidogo, sitakudanganya. Jicho si mguu, mtu anakiona kisu kikija. Utakuwa karibu, inatosha.

Jana baada ya misa wazee walikuwa wamesimama mlangoni kama kawaida. Mmoja akaniuliza, mbele ya wote, "Antoine, ule mutoto wako wa seminari, alisharudia?"

Nikasema, "Hapana. Iko infirmier kule Lubumbashi, anachunga bagonjwa."

Wakangoja niongeze kwamba siku moja atarudi seminari, kama nilivyokuwa nikiongeza miaka yote hii. Sikuongeza. Niliwaaga, nikaenda nyumbani kula.

Baba yako anayekupenda,
Antoine