Kijiwe Cheupe Mtungini

Mama yangu,

Shikamoo. Na baba nampa shikamoo yake, mguu unaendeleaje? Sisi huku tu wazima, na tumbo la Elia limetulia, basi hilo lisikukoseshe raha. Linalonisumbua ni jingine, na sikufichi, maana kosa ni langu.

Mvua zilipoanza, bomba la mtaa wetu hapa Kariakoo liliharibika, tukawa tunanunua maji ya kisima, mekundu kwa tope. Siku moja natoka sokoni, namkuta Bi Mwanahawa kainamia mtungi wangu uani. Ni jirani wa chumba cha pili, ndiye anayembeba Elia nikiwa sipo. Mkononi ana kijiwe cheupe, anakizungusha ndani ya maji. Nikajibanza mlangoni. Alipotoa mkono, kijiwe hakipo.

Mama, jiwe gani la kuyeyuka? Na mtoto alikuwa anaharisha siku ya tatu. Nikaumwaga mtungi wote mbele ya wapangaji, nikamwambia, "Kumbe ni wewe unayemmaliza mwanangu."

Akafuta mikono kwa khanga. "Mama Elia, hiyo ni shabu. Inazamisha tope, mtoto apate maji safi."

"Jiwe haliyeyuki."

"Na magadi mnayotia kwenye ndizi huko kwenu, si jiwe?"

Nikakumbuka chungu chako, mama. Miaka yote nakuona ukiyatumbukiza chunguni, wala sikuwahi kujiuliza yanakwenda wapi.

Akatia kipande kingine kwenye glasi ya maji ya tope, akatupia na mchanga kidogo. "Kuna jiwe maji yanaliweza, yanalifungua likaenea lisionekane. Mchanga hayauwezi." Alasiri maji yalikuwa meupe, mchanga na tope vimelala chini. Bado sikuamini, nikamwambia anywe yeye kwanza. Akanywa, mama, huku ananitazama.

Nimemwomba radhi, na baba Elia pia kamwomba. Anasema yamekwisha. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga kwa mikono yangu.

Nisalimie dada, na mjomba mwangalizi wa mfereji; mwambie maji yake nayakumbuka kila siku. Baba usimweleze, atanionea aibu.

Shabu sasa natia mwenyewe. Ila mtungi umebaki wangu peke yake uani. Bi Mwanahawa wake kauhamishia chumbani, na nikipita mlangoni kwake, anaufunika.

Ni mimi mwanao,
Aneti