Barakoa Iko Juu ya Ugali

Baba Wema,

Ugali na dagaa viko hapa mezani, nimevifunika kwa barakoa yako ya kuchomelea. Tangu uinunue inaning'inia msumarini. Angalau leo imepata kazi. Ile miwani ya jua unayochomelea nayo usiitafute, nimeondoka nayo.

Maziwa ~~yamebaki kidogo kwenye chupa~~ hakuna. Yalikuwa ya mtoto, na wewe kila jioni unamaliza kikombe eti yanaosha kifua. Donatus, maziwa yanakwenda tumboni. Moshi wa vile vijiti vyako vya kuchomelea unakwenda kwenye mapafu. Vikutane wapi, au umevichimbia shimo huko ndani?

Halafu fungua mlango wa karakana! Unajifungia humo na moshi wote ili fundi mwenzako Yasini asikuibie ufundi wa kuunda makarasha ya kusagia mawe. Yasini anachomelea nje, upepo unapita, na sijawahi kumsikia akikohoa. Ufundi wa kuiba ni huo.

Nimempeleka Wema kwa bibi yake huko Kharumwa, tutarudi Jumapili. Macho yako mekundu ya asubuhi hayakunikasirisha, nimeyazoea. Ila ulipotoka tu, nilimkuta mtoto uani kavaa miwani yako, kashika kijiti cha ufagio, anakohoa mpaka anainama. Nikamkimbilia nikidhani amepaliwa. Akacheka.

"Siumwi, mama. Mimi ndiye baba."

Mama Wema