Chai ya Dirishani

Kijijini, karibu na Daun, Eifel
2 Aprili 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Goti bado linakusumbua, au baridi ya Manassas imeanza kulegea? Sisi huku hatujambo, mimi na Rainer wazima, ila theluji imegoma kuondoka na nimechoka kuvaa matabaka kama kabichi.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu tunaishia kufokeana, halafu kadi inakatika. Baba, njoo Juni, shule zikifunga. Mabasi ya shule yatakaa bila wewe wiki moja, hayafi. Tangu tuandikishe ndoa huu ni mwaka wa pili na hujaiona nyumba yangu.

Huku utapapenda. Zamani palikuwa volkano tupu. Zimezimika, midomo yake imejaa maji, sasa ni maziwa ya duara yenye msitu pande zote. Kuna magofu ya ngome mbili zinazotazamana bondeni kama mawifi walionuniana. Kuna maporomoko ya maji yaliyovaa majani laini ya kijani mpaka mwamba hauonekani. Watu wanatoka Uholanzi kuja kutembea tu, fimbo mbili mkononi, na hawana hata mbuzi mmoja wa kuchunga!

Chumba chako nimekipaka rangi. Kinatazama shamba la baba yake Rainer, Mzee Alois. Usilete kitu, jilete mwenyewe.

Mwanao,
Domina


Manassas, Virginia
23 Aprili 2006

Mwanangu Domina,

Marahaba. Mimi mzima. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Shangazi yako Genoveva wa Columbia anakusalimu sana. Pasaka tulikula kwake, akapika mtori wa ndizi, tukamkumbuka marehemu mama yako.

Nitakuja, tiketi nimeshaulizia. Ila nitafutie gesti hapo kijijini, chumba kisicho na makuu. Usianze kulia. Wewe unajua na mimi najua: pombe ya posa haijaletwa. Hakuna mshenga aliyekuja, hakuna mzee wao aliyekaa na mzee wetu. Nilipigiwa simu siku ya Jumanne nikaambiwa mmeshatoka bomani, basi, yamekwisha. Mimi si mtu wa kulala, wala kula, wala kukanyaga kizingiti cha mkwe ambaye hajaniomba binti. Nikifanya hivyo, shangazi yako nitamtazamaje usoni? Mali sina haja nayo. Nataka kubishiwa hodi.

Mweleze mumeo taratibu. Ni mtu mzima, ataelewa. Hayo maziwa na ngome nitayaona kwa furaha, maana vyote viko nje.

Baba yako,
Anatoli


Eifel
9 Julai 2006

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na miguu imepungua kuvimba. Mimi sijambo kiasi.

Nina hasira nawe, afadhali niseme. Siku zote ulizokaa huku tumekutana nje kama wezi. Asubuhi ziwa, mchana ngome, jioni ziwa lingine. Siku ile ya mvua tukapanda mnara wa kutazamia, kufika juu hakuna cha kutazama, ukungu mtupu, na wewe ukasema "pazuri sana." Ujerumani nzima ilikuwa sebuleni inaangalia Kombe la Dunia, wewe mpenda mpira ukaangalia mechi umesimama kwenye bustani yangu, kupitia dirishani. Jumapili nikapika ndizi nyama, ndizi nimezifuata kwa treni hadi Cologne kwa Wakongo. Ukakaa kwenye benchi la nje, kofia inachuruzika, nikakupitishia chai dirishani kama askari wa lindo. Majirani waliona. Hukuonja hata ndizi moja.

Rainer je? Rainer amefurahi! Anakitangazia kijiji kizima kwamba baba mkwe wake ni mtu wa porini, hapendi kukaa ndani. Amekununulia viatu vya kupandia milima, vinakuja kwa posta. Sikumweleza, baba. Niliogopa. Huku ukitaja tu mahari watu wanakutazama kwa huruma, wanadhani umeuzwa kama mbuzi, na mimi huruma ya mtu siitaki ndani ya nyumba yangu.

Jambo lingine. Nina mimba ya miezi mitatu. Nilitaka kukuambia mezani kwangu, umeshika kikombe changu. Kila nilipotaka kufungua mdomo tulikuwa kando ya maji, mbele ya mabata na Waholanzi. Nikanyamaza mpaka ukapanda ndege.

Mwanao,
Domina


Manassas
30 Agosti 2006

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nimenuna.

Barua yako niliisomea karakanani, chini ya basi. Wenzangu wakadhani mafuta yameniingia machoni. Hongera, mama. Hongera sana. Kula, lala, usinyanyue ndoo wala usipande minara.

Viatu vimefika, na ni vizuri, sikatai. Jumamosi huvivaa na kwenda kwenye uwanja wa vita wa zamani hapa Manassas. Watalii wanapigana picha na mizinga, mimi napita peke yangu najisemea: haya Anatoli, leo umekuwa mtalii kwa binti yako wa kumzaa. Unadhani sikutamani kuingia? Harufu ya ndizi zako ilinifuata pale benchini. Pazia lilipopepea niliiona picha ya mama yako ukutani. Juu ya ule mnara nilisema pazuri kwa sababu ningeongeza neno lingine ningelia. Hayo maporomoko niliyatazama kwa ajili yako tu. Mimi maji yanayoanguka nimeyaona kwetu Kibosho tangu utoto.

Lakini sijabadilika. Nikiingia kimya kimya, kesho huyo mjukuu akiuliza babu yake aliombwa lini, tutamjibu nini? Kuuzwa ni kitu kingine kabisa, na wewe unajua. Mwambie mumeo. Umeolewa na mtu au na kinyago?

Baba yako,
Anatoli


Eifel
15 Oktoba 2006

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi na tumbo langu hatujambo, linacheza usiku kucha. Shangazi mzima? Mpe salamu.

Nimemwambia. Tulikuwa tunamenya viazi. Nilidhani atacheka, lakini aliweka kisu chini, akasema: "Umeniacha nimzungushe baba yako kwenye mvua wiki nzima, mimi nikidhani namfurahisha?" Akatoka kwenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Siku mbili nzima tukasemeshana ya chumvi na mkate tu.

Kisha akaenda kumweleza baba yake. Mzee Alois akagonga meza, vikombe vikaruka. Anasema hata hapa, enzi zake, kijana wa kijiji kingine akija kuchukua msichana, vijana wa kijijini wanamzibia njia mpaka awanyweshe bia, na yeye mwenyewe aliwanywesha kwa ajili ya mkewe. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?" akafoka. "Mwenzangu kaja kutoka Amerika, na mimi nikampungia mkono kutoka kwenye trekta!" Akauliza mshenga ni nani, akauliza avae koti gani.

Baba, wanakuja, wote wawili, mwisho wa Novemba. Mimi daktari amenikataza ndege. Watafikia hotelini, maana Mzee Alois amesema kama hajakubaliwa, yeye naye hawezi kulala kwenu. Nimecheka mpaka nikalia.

Tafadhali watafutie mshenga mpole. Na mimi naogopa. Ukiwarudisha mikono mitupu, sijui nitaishije katikati yenu.

Mwanao,
Domina


Manassas
10 Desemba 2006

Mwanangu Domina,

U hali gani na huo mzigo? Mimi sijambo, hata goti limetulia.

Najua Rainer amekusimulia, lakini yeye alielewa nusu. Nusu nyingine nakupa mimi.

Tulikutana kwa shangazi yako Columbia, maana kwangu hapatoshi. Mshenga alikuwa Dunstan, yule seremala wa Upper Marlboro asiyejua kukasirika. Wakabisha hodi. Shangazi yako akasema wasifunguliwe kwanza. "Nao waonje baridi!" Nami nilikuwa nimepanga kuwaacha hapo nje wasimame hadi waijue ladha yake. Basi nikachungulia. Mzee wa watu amevaa koti alilofungia ndoa, amekumbatia chupa ya pombe ya matunda ya shambani kwake, na Rainer anamfunga skafu shingoni asipigwe na upepo. Domina, moyo ulinishinda. Nikafungua mlango mwenyewe, Dunstan hajamaliza hata kukohoa. Shangazi yako mpaka leo ananilaumu, eti nimeharibu utaratibu mbele ya wageni.

Yeye ndiye alikuwa amepika mbege, pombe yetu, kwa ndizi za dukani na ulezi wa kwa Wahindi. Ilichacha mno, mimi mwenyewe nilifumba macho. Mzee Alois akaipokea kata kwa mikono miwili bila kufundishwa, akanywa mpaka chini, akapangusa mdomo. Kisha akasimama. Alisema Kijerumani, Rainer akageuza Kiingereza, Dunstan akageuza Kiswahili: "Nimekuja kuomba binti. Nimechelewa, lakini naomba." Na mtu anaitwa Aloisi, kama wazee wetu wa Kibosho, nitamnunia mpaka lini? Nikamwambia tumempa. Nikalia mbele za watu wala sikuona haya. Rainer naye akalia. Shangazi yako akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Sasa nisikilize. Nakuja Machi, mtoto akishatoka arobaini. Gesti usinitafutie. Rainer ameniambia liko ziwa moja hatukulifikia, na njia mpya ya kupitia msituni, ameshachora na ramani. Mshukuru sana, ni mkwe wangu na nampenda, lakini aniache. Nitapita mlangoni, nitakaa jikoni kwako na mjukuu wangu mapajani, na hamnitoi nje wiki nzima.

Baba yako, na babu wa huyo ajaye,
Anatoli